Oili kwenye Tairi la Nyuma

Wewe uliye na pikipiki inayolala ndani ya nyumba, na wewe mama ambaye mwanao huipanda kila asubuhi, soma haya kabla hajaiwasha kesho. Mimi si fundi. Nimelima ndizi na kuchuma chai maisha yangu yote. Lakini kilichotupata hapa kijijini Suma sitaki kikupate.

Mwanangu Asajile alinunua pikipiki miaka ile tulipoambiwa kila mtu yuko huru kufanya biashara. Zamani maziwa yetu yalibebwa na gari la ushirika. Gari likafa, ushirika nao ukanyamaza, maziwa yakawa yanachachia majumbani. Asajile akaona mlango hapo. Akatafuta pikipiki ya mtumba, nyekundu, akafunga mbao nyuma yake za kubebea madumu. Alfajiri anapanda nayo juu mlimani, anapita nyumba kwa nyumba kukusanya maziwa, kisha anashuka ule mteremko mrefu mpaka darajani, karibu na kwetu, anavuka na kupanda upande wa pili kwenda Tukuyu kwa wanunuzi.

Mteremko huo ndio niliouogopa. Mvua kwetu haina likizo, na udongo wa pale ukilowa haushiki hata ukwato wa ng'ombe. Mkono wa kulia kuna ukingo, mkono wa kushoto kuna korongo, na chini kabisa mto unanguruma juu ya mawe. Mwaka uliotangulia, kijana wa jirani yangu Sekela alishuka pale na pikipiki ya kuazima, hakufika darajani. Nilikuwa miongoni mwa waliokimbilia korongoni. Pikipiki ilikuwa imelala ubavu, gurudumu la nyuma likiangalia juu, na tairi lake lilikuwa linang'aa. Nilidhani ni maji ya mvua. Mwanamume mmoja akaligusa, akanusa vidole, akasema, "Oili." Tangu siku ile, nikisikia harufu ya oili nageuka kutafuta tairi.

Sasa pikipiki ya Asajile ililala sebuleni kwetu, kwa ajili ya wezi na mvua. Na sebule ile, mume wangu Ambindwile alikuwa ameimwagia sakafu ya saruji, ya kwanza katika ukoo wake. Aliipenda sakafu ile kuliko koti lake la kanisani. Mgeni akija, kabla hajakaribishwa kiti anaonyeshwa sakafu.

Nyuma ya injini kulikuwa na kibomba chembamba cha mpira kinachoning'inia, mdomo wake ukitazama chini. Kila asubuhi kilikuwa kimedondosha tone moja jeusi, siku nyingine mawili.

"Mama Asajile, njoo uone," mume wangu anaita. "Ng'ombe wa mwanao amekojoa tena."

"Ng'ombe wa mwanangu ndiye aliyekununulia saruji, baba."

"Basi amfundishe adabu."

Asajile anacheka tu, anafuta na kitambaa, anamjibu baba yake: "Tata, ni kidogo. Haina neno."

Nami nikawa siamini hilo "haina neno". Nikawa nachutama pale na koroboi kuangalia tone limekuwa kubwa au limebaki vile vile. Asajile akaniona siku moja, akasema, "Mama, unaisalia pikipiki?" Nikamwambia naisalia, ndiyo, maana wewe huisalii.

Kisha tone likakoma. Asubuhi sakafu kavu, ya pili yake kavu, wiki nzima kavu. Tulifurahi. Nami nilifurahi, nikasema Kyala, Mungu wetu, amesikia. Kumbe hapo ndipo tulipotakiwa kuogopa.

Siku zile zile, nikifua suruali ya Asajile, nikakuta upindo wa mguu wa kushoto umeloa oili nyeusi nzito, sabuni haiitoi. Nikaiacha suruali majini, nikaenda kwenye pikipiki. Upande wa kushoto, pale cheni inapoingia kwenye injini, palikuwa pameloa pote. Cheni imeloa. Nikafuata cheni kwa kidole mpaka nyuma. Tairi lilikuwa na mstari mweusi pembeni, unang'aa.

Niliketi chini kwenye saruji ile.

"Huendi popote kesho," nikamwambia Asajile alipotoka kuoga.

"Mama, maziwa ya watu hayajui kusubiri."

"Na mto unajua kusubiri. Mwulize Sekela."

Kesho yake, baada ya kupeleka maziwa, alikubali niende naye Ibighi, pale pembeni mwa mji, kwa fundi Hezron. Nilikwenda kwa miguu yangu, yeye akaniacha njiani, nikamkuta kesha fika.

Hezron alikuwa fundi wa maneno mengi, na mikono yake ilifanya kazi huku mdomo ukifanya yake. Aliniona nimesimama na kanga begani akasema, "Leo mgonjwa kaja na mama yake! Basi tutampima vizuri."

"Mpime kama wako," nikasema.

Na kweli alimpima. Tusimseme vibaya. Aliiosha injini kwa mafuta ya taa na brashi mpaka rangi ikaonekana, akaikausha kwa matambara, akaipuliza kwa pampu ya baiskeli kwenye mikunjo. Kisha akaomba unga wa muhogo, akaupaka kwenye injini yote kwa kitambaa, ikawa nyeupe kama mtu aliyetoka kinuni.

"Sasa, mama, angalia," akasema. "Injini chafu huwezi kuijua inavuja wapi, maana oili inatembea. Inatoka juu, unaiona chini, unalaumu chini. Lakini unga hausemi uongo. Panapoloa kwanza, ndipo."

Akaiwasha. Tukasimama wote watatu tunaitazama ikinguruma na mavazi yake meupe. Punde, pale cheni inapoingia, unga ukabadilika rangi, ukawa kijivu, ukawa mweusi, duara dogo likakua.

"Huyo!" Hezron akapiga makofi. "Sili hiyo." Akanionyesha kimpira cha duara kinachoshika ule mhimili unaozungusha cheni ili oili isitoke. Akakitoa cha zamani, akaweka kipya. Akachungulia na nyuma ya injini, akapapasa kile kibomba chembamba. "Hapa pakavu. Safi kabisa. Mama, mwanao mzima."

Nikarudi nyumbani naimba.

Haikumaliza wiki. Safari hii oili ilianza kutoka upande wa pili, kwenye mhimili wa kiki, pale pa kuwashia kwa mguu, na juu kwenye kifuniko cha injini ikawa inatoka jasho. Asajile akawa anaongeza oili kila asubuhi kabla ya kuondoka. Tukarudi kwa Hezron. Akaosha tena, akapaka unga tena. Unga ukaloa sehemu tatu kwa pamoja. Akazima, akafungua kifuniko cha kujazia oili, na pale pale pakatoka pumzi, fuuu, pamoja na matone yaliyomrukia shavuni.

Hezron hakucheka. Alijifuta, akatikisa kichwa. "Bwana mdogo, unasikia hiyo pumzi? Hiyo ni pistoni imechoka. Moto unapita pembeni unashuka chini, unaisukuma oili itoke popote inapopata njia. Hata nikuwekee sili za dhahabu zitatapikwa. Hapa ni kushusha injini, kuifungua yote."

"Itakaa chini siku ngapi?"

"Mpaka vipuri vije kutoka Mbeya. Wiki. Pengine wiki mbili."

"Wiki mbili maziwa yangu atayachukua mtu mwingine, na wenye ng'ombe hawatanirudia," Asajile akasema. "Nibadilishie hizo sili tu. Mvua zikipungua nitakuletea uishushe."

"Mvua zipungue Tukuyu?" Hezron akasema. "Sema hutaki." Lakini alibadilisha sili, tukaondoka.

Nilimsihi mwanangu njia nzima. Alinijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, maana mtu aliyekwisha kata shauri ndiye anayekuwa mpole. "Juba, mama yangu, nitashuka polepole. Nitakuwa nafuta tairi kila ninaposimama." Tangu hapo kila asubuhi nikisikia kiki, moyo wangu unapigwa kiki nao. Nilikuwa nasimama mlangoni kumsikiliza akipanda mlima mpaka mlio unapotea, kisha nasubiri ule mlio wa kushuka. Katikati ya milio hiyo miwili sikuwa mtu wa kazi yoyote. Ndizi niliunguza, ndama nilimwacha akanyonya mpaka akavimba.

Hapa lazima nimtaje mke wa Asajile, Tulia. Ni binti mwenye akili na mikono mizuri. Lakini kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe wake hawaonani ana kwa ana. Baba mkwe akija huku, mkamwana anapita nyuma ya migomba. Hamtaji jina, hasemi habari zake, hata sauti yake anaificha. Vijana wa mjini wameanza kuacha. Ambindwile, ingawa ni mzee wa kanisa, hakuacha. Anasema Injili ilipokuja haikukuta watu hawana heshima. Basi Tulia aliishi kwetu mwaka wa pili bila kumtazama usoni mwenye nyumba.

Wiki zile za oili nilimwona Tulia hana raha. Nikimwuliza, "Unaumwa?" anasema, "Hapana, mama." Ananikaribia, anafungua mdomo, mume wangu anakohoa huko nje, yeye anageuka anashika ufagio. Nilidhani ni hofu ile ile niliyokuwa nayo mimi.

Ikafika asubuhi moja ambayo mvua ilinyesha tangu alfajiri, ile mvua nzito isiyo na upepo. Asajile akaondoka. Nikaangalia pale pikipiki ilipolala: sakafu chini ya gurudumu la nyuma ilikuwa imeloa oili. Si tone. Ilikuwa imeenea upana wa sahani. Nikaita, lakini mlio ulikwisha anza kupanda mlima.

Nikaingia jikoni. Tulia alikuwa amekaa karibu na mafiga na mtoto wao Lusungu mapajani, mtoto wa kunyonya, hajaota hata jino. Aliniona. Hakunisemesha mimi. Alimwinamia mtoto akaanza kumwambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayebembeleza.

"Lusungu, mama yako hana mdomo. Wewe unao, ila hujajua kusema. Ungejua, ungemwambia bibi. Ungemwambia kwamba Jumapili ile watu walipotangulia kanisani, ulikuwa mgongoni mwangu, ukaona. Uliona kile kibomba kinachodondosha kinazibwa. Gome kavu la mgomba likasokotwa, likapakwa sabuni, likasukumwa ndani kwa kijiti mpaka halionekani. Kama tunavyoziba kibuyu. Aliyeziba mimi siwezi kumtaja. Wewe ungemtaja, wewe ni damu yake."

Nikachutama kando yake.

"Tena ungemwuliza bibi," akaendelea, sasa machozi yanamdondokea mtoto, "kibuyu cha maziwa yanayochacha ukikiziba kwa nguvu, kinafanya nini?"

Kila mwanamke wa kwetu anajua kinafanya nini. Kinapasuka ubavu. Pumzi ikikosa mlango inatengeneza wake. Nikaisikia tena ile fuuu ya kwa Hezron, na oili iliyomrukia shavuni, na sili mpya zinazotapikwa moja baada ya nyingine.

Nikatoka. Mume wangu alikuwa barazani ananoa panga.

"Baba Asajile, kile kibomba cha pikipiki ulikifanya nini?"

"Kipi? Kile cha mkojo?" Hakuinua hata macho. "Nilikiziba. Hujaona sakafu ilivyopona? Ninyi mnampelekea fundi hela, mimi nimetibu bure."

"Oili inatoka kila mahali!"

"Huko kwingine ni kazi ya fundi. Mimi ugonjwa wangu ulikuwa pale tu."

Sikuwa na wakati wa kumjibu. Nikafikiri niende barabarani nimsimamishe Asajile akishuka. Nimepiga hatua chache tu, wazo likanishika miguu: nikisimama pale mteremkoni naye akaniona ghafla, atafanya nini? Atakanyaga breki. Na tairi lile. Mimi mama yake ndiye nitakayemtupa korongoni. Ilikuwa lazima nimpate kabla hajaanza kushuka, kule juu kwenye tambarare, na kwa barabara nisingewahi. Kulikuwa na njia ya mkato kupitia shamba la chai, kali kama ngazi. Nikaishika.

Sijui nilipandaje. Viatu vya plastiki vilibaki kwenye tope mapema, nikaendelea na miguu mitupu. Miti ya chai ilinipiga kiunoni, maji yake yakanilowesha mpaka ndani. Wanawake wachumaji walikuwa kwenye mistari na mifuko yao ya nailoni vichwani. Mmoja wao, Atupokile, tunaimba naye kwaya, akaniita, "Mama Asajile, unakimbiza nyani?"

"Asajile!" nikasema. "Tairi lina oili!"

Alikuwa na sisi korongoni siku ile ya kijana wa Sekela. Hakuuliza la pili. Alishusha kikapu chake akanifuata.

Tulipokaribia juu nikausikia mlio. Ulikuwa unakuja. Mlio wa pikipiki iliyobeba mzigo unajulikana, ni mzito, unakohoa. Nilijivuta kwa kushika matawi ya chai, nikatokea barabarani kwenye tambarare, naye huyo anakuja, kofia imemfunika macho, madumu mawili huku na mawili huku, na lingine juu. Nikakumbuka kutosimama katikati. Nikasimama pembeni, nikavua kitenge cha kichwani, nikakipunga taratibu, taratibu, kama mtu anayesimamisha gari la abiria, huku ndani yangu kila kitu kinapiga mayowe.

Aliniona. Akapunguza. Hata pale tambarare, hata kwa mwendo ule mdogo, gurudumu la nyuma lilikwenda pembeni peke yake, kama mkia wa ng'ombe unaofukuza nzi, kisha likarudi. Akasimama hatua chache kabla ya pale barabara inapoinama.

"Mama! Nani amekufa?"

"Zima."

"Maziwa, mama, nimechelewa—"

"Zima!"

Akazima. Nikachutama nyuma ya injini kwenye tope, nikapapasa mpaka nikakipata kile kibomba. Mdomo wake ulikuwa mkavu, umejaa udongo. Nikakwangua udongo kwa ukucha. Ndani kulikuwa na kitu kigumu. Asajile akainama akiwa bado amekunja uso, akaona, uso ukafunguka. Akatoa kisu chake cha kukatia kamba, akakichokonoa kitu kile. Kilitoka kwa mlio, na nyuma yake zikaruka pumzi na oili nyeusi yenye povu, ikatulowesha mikono yote miwili, wangu na wake. Mkononi mwake kulikuwa na gome la mgomba lililosokotwa, refu kama kidole cha shahada, jeupe kwa sabuni.

Aliligeuzageuza. Ufundi wa kusokota ule aliujua. Ndio uliotumika kuziba vibuyu vyote alivyonywea akiwa mtoto.

"Tata," akasema.

Nikamwambia angalia na tairi. Akazunguka. Mvua ilikuwa inapiga kwenye tairi na maji hayakushika, yalikuwa yanakimbia kama kwenye jani la mgomba. Ile sili ya upande wa cheni ilikuwa imesukumwa nje kabisa, inaning'inia.

Unadhani aliogopa? Kijana ni kijana. Alifuta tairi kwa tambara, akafuta tena, akasema, "Sasa si imeshazibuliwa? Nashuka nayo polepole mpaka darajani, mnifuate."

Nilishika usukani wa pikipiki. "Utapita juu yangu."

Atupokile akaja akasimama upande wa pili. "Na juu yangu. Na mimi ni mnene, utaanguka tu."

Ndipo akacheka kidogo, na kucheka kule kulimwondolea ubishi. Tukashusha madumu. Atupokile akaita wenzake wawili kutoka kwenye chai, wakajitwisha maziwa wakatangulia. Asajile akashika usukani, injini imezimwa, sisi wawili tukashika zile mbao za nyuma, tukaanza kuishusha kwa miguu.

Kwenye kona, ile kona, gurudumu la nyuma lilitoka. Hakuna aliyekuwa juu yake, hakuna mwendo, tulikuwa tunatembea kama wanaopeleka mgonjwa. Lilitoka tu, likaelekea korongoni, likamvuta Asajile kwa mikono yake. Goti lake likagonga chini. Nilikaa kwenye tope kwa uzito wangu wote nikiwa nimeshikilia ubao, Atupokile akakaa pembeni yangu, na pikipiki ikasimama tairi likiwa nusu hewani. Chini tulikuwa tunausikia mto. Mwanangu alikuwa amepiga goti, uso wake karibu na wangu, na midomo yake haikuwa na rangi. Alikuwa anatazama pale gurudumu lilipokuwa linazunguka polepole peke yake.

"Ningekuwa juu yake," akasema.

Tuliivuta, tukaifikisha chini.

Mchana ule tuliipandisha mpaka Ibighi kwa kuisukuma. Hezron alipoonyeshwa lile gome alikaa juu ya kopo lake la spana, akalishika, akalinusa. "Mama," akasema, "hili bomba ndilo pua ya injini. Hata kama pistoni ni nzima, injini lazima ipumue. Lile tone la asubuhi lilikuwa kamasi tu. Mimi nilikuwa natafuta palipoloa. Hapa palikuwa pakavu, nikapasifu." Akaweka sili mpya, akaosha tairi na breki kwa petroli na sabuni, akapaka unga wake. Injini ikanguruma mpaka ikapata moto, na unga ukabaki mweupe. Alipofungua kifuniko cha oili hakuna aliyepuliziwa shavu. Pistoni haikuwa na kosa.

Jioni, kabla giza halijaingia, Asajile aliweka lile gome mezani mbele ya baba yake. Hakusema neno la ukali, ni baba yake. Alimweleza tu, kuanzia juu mlimani mpaka kwenye kona na gurudumu lililokuwa hewani. Mimi nilikuwa mlangoni. Tulia alikuwa jikoni, na najua alikuwa amesimama nyuma ya ukuta.

Ambindwile hakuuliza nani amesema. Nilingoja aulize. Alilichukua lile gome, akalibana kiganjani. Nikadhani ni kwa ajili ya Asajile.

"Geresoni," akasema.

"Geresoni amefanyaje, tata?"

"Ya kijana wake nayo ilikuwa inadondosha. Nilimwonyesha. Nilimsokotea mwenyewe, kwa mkono wangu."

Geresoni anakaa ng'ambo ya mto, na kijana wake hubeba abiria. Asajile aliinuka, lakini baba yake alikwisha vaa koti. Alitoka kwenye mvua ile bila fimbo wala kofia. Kwa haraka alikatiza jikoni, mbele kabisa ya Tulia, na Tulia hakuwahi kujificha, wakaonana uso kwa uso, na hakuna aliyekumbuka aibu. "Ombeni," alituambia sote, Tulia akiwemo.

Tuliomba. Alirudi amelowa, akafungua kiganja: gome la pili. Kijana wa Geresoni alikuwa hajatoka siku ile kwa sababu ya homa ya malaria. Namshukuru Kyala kwa malaria ile, ndaga fijo, asante sana, nisamehewe kusema hivyo.

Lakini mume wangu hakuketi. Alisimama katikati ya sakafu yake, maji yakichuruzika. "Nilisema na kule kwa wanunuzi wa maziwa," akasema. "Walikuwa wengi. Wengine wa Tukuyu, wengine wa mashamba ya chai, siwajui majina. Walikuwa wanalalamika pikipiki zinachafua nyumba. Niliwaambia zibeni, mimi nimeziba, imepona. Walinisifu."

Tumewafuata tunaowajua. Mchungaji ametusaidia kutangaza kanisani. Lakini wako tusiowajua, na kila mvua ikinyesha mume wangu hashiki usingizi, nami silali kwa kumsikiliza.

Kwa hiyo ichungulie pikipiki yako sasa hivi, nyuma ya injini, chini. Ukikuta kibomba kinadondosha tone, kiache kidondoshe, weka kopo. Ukikikuta kikavu sana na oili inatoka kwingine, kichokonoe kwa kijiti mpaka ndani. Na kama kuna mzee mrefu mwenye koti la kijani aliyekwambia uzibe, huyo ni mume wangu. Anakuomba uzibue. Zibua kwanza, ufute tairi, ndipo uwashe.